Makala Yenye Kusema Juu Yetu, Tutayasoma Fasi Gani?



Mwezi huu tuache kidogo mambo ya malezi, tuseme juu ya kutafuta maandiko ya watu wa masomo kupitia biblioteke. Usikimbie ukurasa huu, mama, ukisema: "Haya ni mambo ya batoto ba inivesite." Hata mama mwenye kuuza mboga pale Kasulo jambo hili linamugusa, tena linamugusa mbele ya profesere.

Wengi kati yenu, hapa Lubumbashi, kule Likasi ao Kolwezi, mumekwisha kuona watu wa masomo wakizunguka mitaani na vichupa vyao. Wanaomba mkojo kidogo, wanaomba damu kidogo, wanafagia vumbi ya nyumba na kuitia mu kifuko, wanaandika kazi ya baba na miaka ya watoto. Kisha wanaaga. Miezi inapita, miaka inapita, na watu wanaulizana: "Ule mukojo yetu ilifikaka wapi?"

Kumbe ilifika. Mwaka 2009 jarida moja lenye kuitwa Environmental Research lilichapa kazi ya waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Louvain, Ubelgiji. Walipima mkojo wa watu 351 wa Katanga, wengine wenye kukaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha mawe, wengine wenye kukaa mbali sana. Wale wa karibu walikutwa na kobalti nyingi kupita wale wa mbali. Mwaka 2018 jarida lingine, Nature Sustainability, likatoa habari ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba mashimo ndani ya viwanja vyao. Pale tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Na mwaka 2020, The Lancet Planetary Health likachapa kazi juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi na kilema, na kazi za baba zao. Juu ya hii ya mwisho nitarudi, maana jamaa nyingi zinapashwa kuijua.

Basi maandiko yako. Yanasema juu ya damu yetu, mkojo wetu, vumbi yetu. Lakini ni nani kwetu aliyeyasoma? Yanasomwa Louvain, yanasomwa Marekani. Kijana wa Kolwezi mwenye kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo anapiga maneno mu telefone yake, anakuta jina la makala, anafurahi, anabonyeza. Mlango unafungwa mbele yake: wanamuomba dola 30 na zaidi, kwa makala moja tu! Ni feza ya mfuko wa unga. Njo pale wengi wanaacha. Ao wanaenda kwa mtu wa siberi mwenye kuuza kazi za wengine, wanabadilisha jina la juu, basi. Weye kijana, mlango ule uko na ufunguo, na mara nyingi ufunguo uko mu biblioteke ya masomo yako, bure, umekaa ndani ya meza ya mtu ambaye hakuna anayekuja kumuuliza.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Nikisema "makala" sisemi yale ya kupikia bukari. Nasema maandiko mafupi, kurasa 8 ao 10, ambayo mganga ao mtu wa masomo anaandika kuonyesha kazi yake: alitafuta nini, kwa watu wangapi, kwa njia gani, alikuta nini. Jarida la masomo linakusanya makala ya namna hiyo. Mbele ya kuyachapa, linayatuma kwa watu wengine wenye kujua kazi ile, wayachungulie na kuyakosoa. Kwa hiyo makala hayalingane na habari ya redio ya barabarani.

Sasa, majarida ya dunia ni maelfu na maelfu. Ukitaka neno moja, utalikamata wapi? Njo kazi ya lile daftari kubwa la ndani ya intaneti, lenye kuitwa baze ya habari. Fikiri daftari la ubatizo la parokia. Mtoto mwenyewe haishi ndani ya daftari. Lakini ukifungua, unakuta jina lake, la baba na la mama, siku, fasi, na unajua pa kumtafuta. Baze ya habari iko vile: jina la mwandishi, kichwa cha makala, jina la jarida, mwaka, kurasa, na mara nyingi kifupi cha maneno yake. Makala yenyewe, mwili mzima, yanaweza kuwa fasi nyingine, na fasi ile njo wanaomba dola.

Daftari lenye kujulikana zaidi kwa mambo ya uganga ni PubMed. Linachungwa na biblioteke kubwa ya uganga ya Marekani. Halikuanza na ordinatere, hapana. Mwaka 1879 mganga mmoja wa jeshi, John Shaw Billings, alianza kuchapa kwenye karatasi orodha ya maandiko ya uganga, kila mwezi. Mashine zilikuja kusaidia mu miaka ya 1960, na tangu 1997 mtu yeyote duniani anaweza kulifungua bila kulipa. Leo lina makala zaidi ya milioni 35. Kulitafuta hakuombi biblioteke wala neno la siri. Biblioteke inaingia pale unapotaka kusoma makala mazima.

Na hapa kuna habari ambayo inanishangaza, maana ni ya zamani na bado wengi hawaijui. Mu Januari 2002, shirika la afya la dunia, OMS, pamoja na wachapaji wakubwa 6, walifungua mpango wenye kuitwa Hinari. Walisema: inchi zenye uwezo mdogo zisome majarida yetu bila kulipa. Walianza na majarida karibu 1,500. Mwaka 2003 FAO ikaleta ndugu yake wa mambo ya kilimo, AGORA. Mwaka 2006 ukaja wa mazingira, OARE, halafu 2009 wa ufundi, ARDI, na 2018 wa sheria, GOALI. Yote mitano inakaa chini ya jina moja, Research4Life. Inchi ziko mu makundi mawili: kundi A linasoma bure, kundi B linalipa kidogo. Kongo yetu iko mu kundi A.

Lakini sikiliza vizuri: hawaandikishe mtu mmoja mmoja. Wanaandikisha nyumba ya kazi: inivesite, masomo ya wauguzi, hospitali, biro ya serkali, shirika la kusaidia watu. Nyumba ikikubaliwa, inapewa jina na neno la siri, na mara nyingi mwenye kuvichunga ni mtu wa biblioteke. Kwa hiyo mwanafunzi asiandike kule mwenyewe, atachoka bure. Aende ku biblioteke ya nyumba yake aulize maneno mawili: "Tumeandikishwa kwa Research4Life? Naweza kuingia namna gani?"

Wakijibu "hapana, hatujaandikishwa", pale hauko mwisho wa njia. Mkubwa wa masomo ao wa hospitali anaweza kuomba kuandikishwa, na kwa inchi yetu hakuna malipo. Nasema hasa kwa masista na waganga wenye kuongoza hospitali za jimbo na masomo ya wauguzi: nyumba zenu ziko mu hesabu ya zile zenye kuweza kuomba. Kama hamjafanya, wanafunzi wenu wanalipa, ao wanakopi.

Neno lingine juu ya ile siri. Ni ya nyumba, si ya kuandika kwenye ukuta wa siberi ao kuitumia ndugu wa Kinshasa ambaye si wa masomo yenu. Tena usishushe jarida zima, kila namba tangu ya kwanza, kama mtu mwenye kuiba mahindi shambani. Wachapaji wanaona, na wanaweza kufunga mlango kwa nyumba yote. Shusha yale unayohitaji kusoma.

Sasa tuje ku kazi yenyewe ya kutafuta, maana hapa njo vijana wanapotea. Wengi wanapiga mu mashine sentensi nzima, kama vile wanasema na shangazi: "ni magonjwa gani yanaletwa na migodi ya kobalti katika mji wa Kolwezi". Mashine haina masikio ya shangazi. Vunja swali lako, toa maneno mawili ao matatu yenye uzito: ugonjwa ao chuma, watu, fasi. Na kwa PubMed maneno yawe ya Kiingereza, hata kama makala yaliandikwa kwa Kifaransa, maana vichwa vyote vimegeuzwa kwa Kiingereza. Ukiandika "paludisme" utapata kidogo, andika "malaria". Ukiandika "manioc" utaacha mengi, andika "cassava". Kama hujui Kiingereza, kamusi ndogo ya biblioteke inatosha, hatutafute ushairi.

Kati ya maneno yako, tia AND ao OR, kwa herufi kubwa. AND inapunguza: "cobalt AND Katanga" italeta tu makala yenye yote mawili. OR inapanua: inaleta yenye hili ao lile. Hii OR ni ndogo lakini kwa sisi watu wa Kongo ni dawa. Kwa nini? Kwa sababu ya majina yetu.

Angalia. Mji wa Lubumbashi uliitwa Élisabethville mpaka 1966. Likasi iliitwa Jadotville. Inchi ilikuwa Zaïre tangu 1971 mpaka 1997, na katika miaka ile Katanga iliitwa Shaba. Tangu 2015 Katanga ya zamani imekatwa vipande vinne, na Kolwezi iko mu Lualaba. Sasa mtu akiandika neno "Congo" peke yake, anaweza kupita pembeni ya kazi za miaka 25. Mfano mkubwa: ripoti ya ugonjwa wa Ebola pale Yambuku, mwaka 1976, ilichapwa 1978 mu jarida la OMS, na kichwa chake kinasema Zaire. Neno Congo halimo mu kichwa kile. Kwa hiyo andika hivi, na zile alama za kufunga: cobalt AND (Katanga OR Shaba OR Lualaba OR Kolwezi OR Lubumbashi). Mababu wetu walibadilishiwa majina mara nyingi, na mashine haiyakumbuki yote kwa niaba yako.

Tena kuna maneno yenye sura mbili. Kiingereza cha risasi, kile chuma, ni "lead". Lakini neno lilelile linaandikwa pia kwa "kuongoza". Ukiliandika peke yake utaletewa mlima wa makala yasiyo na risasi hata kidogo. Andika "lead poisoning", na alama za kusema pande zote mbili, ili mashine iyashike maneno mawili pamoja. PubMed ina pia orodha yake ya maneno yaliyochaguliwa, yenye kuitwa MeSH. Wafanyakazi wa daftari wameyabandika ku makala, kama vile mama anavyobandika karatasi ku chupa za jikoni. Ukikuta makala moja mazuri, chungulia maneno ya MeSH yaliyo chini yake, kisha utafute tena kwa maneno yale. Kwangu mimi hiyo ni njia ya mkato kupita zote: makala moja mazuri yanakuonyesha ndugu zake.

Ukipata makala 4,000, umeuliza kwa upana. Ongeza neno ao kata miaka. Ukipata 0, usilie, toa neno moja, ao angalia kama hukukosea herufi. Andika pembeni maneno uliyokwisha kujaribu, vinginevyo kesho utarudia yaleyale na kumaliza mega bure.

Sasa turudi kwa ile kazi ya 2020, kwani kuisoma si sawa na kusikia watu wakiisimulia. Ile haina haja ya neno la siri, jarida lake liko wazi kwa kila mtu. Waganga walichukua watoto 138 waliozaliwa Lubumbashi na kilema chenye kuonekana, wakawalinganisha na watoto 108 wasio na kilema. Walipima vyuma mu mkojo na damu ya mama, mu kitovu, mu kondo. Walikuta nini? Pale baba alikuwa na kazi yenye kuhusu migodi, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi. Lakini kwa sehemu kubwa ya vyuma walivyopima, hawakukuta tofauti ya wazi kati ya mama wa kundi hili na wa kundi lile. Ona basi ni nini makala yanasema, na nini hayasemi. Hayasemi kwamba kila baba mwenye kwenda mgodini atazaa mtoto wa kilema. Kilema chenyewe ni chache. Hayasemi tena kwamba kobalti peke yake ndiyo imeleta.

Lakini wazazi, fikirini ginsi tunavyofanya hapa kwetu mtoto wa namna hiyo anapozaliwa. Shangazi wanakusanyika. Macho yote kwa mama: alikula nini, alitembea wapi, ni nani wa upande wake mwenye uchawi? Kuna mama waliofukuzwa juu ya hiyo. Na hapa kuna kazi ya waganga, waganga wa mji wetu wenyewe, wenye kuonyesha kidole ku nguo za kazi za baba mbele ya kukionyesha kwa mama. Kijana wa masomo ya wauguzi mwenye kujua kufungua makala haya na kuyasoma mbele ya jamaa, kwa Kiswahili, polepole, anaweza kuokoa ndoa.

Daftari linasaidia pia kwa namna nyingine: linaonyesha kazi zilizokataliwa. Mumesikia watu wakisema kwamba chanjo ya surua inaharibu akili ya mtoto. Neno hilo lilipata nguvu kutoka makala ya mwaka 1998 mu The Lancet, ya mganga wa Uingereza Andrew Wakefield na wenzake, juu ya watoto 12 tu. Mwaka 2010 jarida lenyewe liliyafuta. Ukiyatafuta leo mu PubMed, unayakuta bado, lakini na tangazo wazi kwamba yalifutwa. Mu ujumbe wa telefone wenye kuzunguka mtaani tangazo lile halimo.

Siku hizi, tena, kuna programu za telefone zenye kujibu kila swali kama mtu. Vijana wanaziomba orodha ya makala, nazo zinawapa, na majina mazuri ya waandishi na miaka. Shida ni kwamba zinaweza kubuni makala yasiyokuwako. Profesere anatafuta, hakuna kitu, mwanafunzi anatoka jasho. Kila jina unalopewa na programu, lipige mbele mu daftari. Lisipoonekana hapo wala fasi nyingine, liache.

Na kwa asiye na nyumba iliyoandikishwa? Yako bado maandiko mengi ya wazi. PubMed Central, ndugu ya PubMed, inachunga makala mazima bure tangu 2000. The Pan African Medical Journal inachapa kwa Kifaransa na Kiingereza, na kila mtu anaisoma. Kwa historia, sheria na mambo ya watu, Wafaransa wameweka majarida ya zamani wazi kwa Persée. African Journals Online, ya Afrika ya Kusini, inakusanya majarida ya bara letu. Mengine ya bure, mengine hapana.

Yakishindikana yote, mwandikie mwandishi. Anwani yake mara nyingi iko chini ya kifupi cha makala. Andika mistari mitatu kwa Kifaransa ao Kiingereza: mimi ni nani, nasoma wapi, naomba makala yako ya mwaka fulani kwa kazi hii. Si aibu wala si kuomba-omba. Mwandishi hapati hata franka moja ya zile dola 30, na wengi wanapenda kusikia kwamba mtu wa Likasi anataka kusoma kazi yao.

Ukienda biblioteke, enda asubuhi, mbele umeme haujakatika na mbele wengine hawajajaza viti. Beba swali lako limeandikwa kwenye karatasi, maneno yako ya Kiingereza yamekwisha kutafutwa nyumbani, na kifaa cha kuwekea unachoshusha. Na umsalimie mwenye kuchunga vitabu mbele ya kumuomba kitu. Anajua mambo mengi kupita yale watu wanamuuliza.